Anotesheni na Ngeli: Tafakuri juu ya Kuoanisha Sehemu za Kiolwa na Safuwima za Kanzidata katika Kamusi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wanaleksikografia wa Kiswahili wana mazoea ya kulizungushia neno alama ndogo zenye kazi kubwa. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na kutolewa mwaka 1981, kidahizo hakiachwi kisimame peke yake. Kikiwa ni nomino, hufuatwa na kifupisho cha aina ya neno, kisha viambishi vya upatanisho wa kisarufi vilivyofungiwa ndani ya mabano ya mraba. Msomaji asiyejua matumizi ya alama hizo huzipita bila kuziona. Aliyezizoea huzisoma kwa kupepesa jicho mara moja, naye hujua kwamba "mti" utachukua "u-" katika umoja na "i-" katika wingi. Alama hizo si sehemu ya maana ya neno. Ni maelezo yanayomwongoza mtumiaji katika kulishughulikia neno lenyewe.

Watunzi wa programu za kompyuta nao wana alama za namna hiyo. Katika lugha ya Java alama hizo huitwa anotesheni, nazo ziliingizwa rasmi katika toleo la tano la lugha hiyo mwaka 2004. Anotesheni huanza kwa alama ya @ na kuandikwa juu au ubavuni mwa kile inachokieleza. Moja ya kazi zake kubwa ni kuoanisha sehemu za kiolwa cha programu na safuwima za jedwali katika kanzidata, yaani kueleza kwamba habari iliyomo katika sehemu fulani ya programu itahifadhiwa katika safuwima fulani, kwa jina fulani, kwa urefu fulani na kwa masharti fulani.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Makala haya yanashikilia kwamba sivyo. Kamusi, mikusanyo ya methali, orodha za istilahi na kumbukumbu za fasihi simulizi zimekuwa zikihamia katika kompyuta kwa miaka mingi. Mradi wa Kamusi ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani mwaka 1994 ni mfano mmoja wa mapema. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kila anotesheni iwekwayo juu ya sehemu ya kamusi ya kielektroniki ni uamuzi wa kiisimu, hata kama aliyeiandika hakulijua hilo. Na kwamba pale ambapo anotesheni haikuandikwa, uamuzi umekwisha kufanywa na mtu mwingine ambaye hakukifikiria Kiswahili. Mifano itatolewa katika utunzi wa kamusi, kwa kuwa huko ndiko matokeo yake yanakoonekana waziwazi.

2.0 Njia mbili za kupanga maarifa

Haja ya kuoanisha hutokana na kuwapo kwa njia mbili za kupanga maarifa, ambazo zilizaliwa mahali tofauti kwa madhumuni tofauti. Ya kwanza ni ile ya majedwali. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa makala yaliyopendekeza kwamba data zipangwe katika mahusiano ya kihisabati, ambayo kwa macho ya kawaida huonekana kama majedwali yenye safumlalo na safuwima. Katika mpango huo, kila safumlalo ni kauli moja kuhusu ulimwengu, na safumlalo moja huunganishwa na nyingine kwa thamani zilizomo ndani yake tu. Hakuna kidole kinachoelekeza kutoka hapa kwenda pale. Kuna thamani zinazolingana.

Njia ya pili ni ya violwa. Chimbuko lake ni Oslo, nchini Norwe, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliitunga lugha ya Simula katika miaka ya 1960. Wao walitaka programu iige mambo ya ulimwengu: meli, foleni, wateja, mashine. Kila kimoja kikawa kiolwa chenye sehemu zake na matendo yake, nacho hufuata kiolezo kiitwacho klasi. Kiolwa huweza kushikana moja kwa moja na kiolwa kingine, huweza kurithi tabia za klasi iliyo juu yake, na hudumu maadamu programu inaendelea. Programu ikizimwa, hutoweka.

Ikiwa kamusi itatungwa kwa njia ya violwa, kitomeo kitakuwa kiolwa chenye sehemu kama vile kidahizo, aina ya neno, ngeli, umbo la wingi na orodha ya fasili. Ikitungwa kwa njia ya majedwali, kutakuwa na jedwali la vitomeo, jedwali la fasili na thamani inayoyaunganisha. Maarifa ni yale yale, lakini maumbo hayalingani. Kiolwa hujua fasili zake, ilhali katika majedwali ni fasili ndiyo inayobeba namba ya kitomeo chake. Kwa kuwa programu nyingi za biashara na za utafiti zilitungwa kwa violwa huku data zake zikihifadhiwa katika majedwali, ilibidi pawepo daraja.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu hali hii kwa njia nyingine. Tendi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo katika umbo lake la kawaida zina irabu tatu na hazina herufi maalumu kwa baadhi ya sauti za Kibantu. Herufi moja iliweza kusomwa "b", "p" au "mb". Mhariri anayeuhamishia utenzi katika hati za Kirumi hulazimika kuamua, neno kwa neno, ni sauti ipi iliyokusudiwa. Kuhamisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine usiolingana nao hakuwezi kuwa kazi ya kunakili tu. Ni kazi ya kufasiri, na mwenye kufasiri hana budi kuwajibika.

3.0 Kutoka faili ya pembeni hadi ubavuni mwa neno

Daraja hilo limepitia hatua kadhaa. Mwanzoni mtunzi wa programu aliandika mwenyewe, kwa mkono, kila amri ya kuingiza na kusoma data. Kamusi yenye sehemu ishirini ilihitaji amri zenye majina ishirini, yaliyorudiwa katika kuingiza, kusahihisha na kusoma. Jina moja likikosewa, habari hazikufika zilikokusudiwa. Kiswahili kilikuwa na balaa yake ya ziada. Katika lugha ya SQL, inayotumika kuzungumza na kanzidata, maandishi hufungwa kwa alama ile ile ya ritifaa inayotumika katika "ng'ombe", "ng'ambo" na "ng'oa". Mtunzi aliyeunga amri zake kwa kubandika maneno aligundua kwamba kanzidata imeusoma "ng" kama mwisho wa maandishi, kisha ikakataa yaliyobaki. Kosa hilo hilo ndilo mlango unaotumiwa na wavamizi kuingiza amri zao. Maktaba za uoanishaji huliepuka kwa kuipeleka thamani kando ya amri, na hapo ritifaa hubaki kuwa sehemu ya neno.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuyaandika maelezo ya uoanishaji katika faili ya pembeni. Maktaba ya Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ilitumia faili za XML zilizotaja kwamba sehemu hii iende katika safuwima hii. Programu ikawa imetakata, bila chembe ya habari za kanzidata ndani yake. Lakini maelezo yalikuwa mbali na kile yanachokieleza. Mtunzi aliyebadili jina la sehemu katika klasi alipaswa kukumbuka kufungua faili nyingine na kulibadili huko pia, na kukumbuka si tabia ya binadamu mwenye haraka.

Ndipo anotesheni zilipoingia. Mwezi Mei 2006 kilitolewa kiwango cha kwanza cha uhifadhi wa violwa katika Java, kijulikanacho kwa kifupi kama JPA, ambacho kiliruhusu maelezo yote ya uoanishaji yaandikwe ndani ya klasi yenyewe. Klasi itakayohifadhiwa hupewa alama ya @Entity. Sehemu iliyo utambulisho wa kiolwa hupewa @Id. Sehemu nyingine zaweza kupewa @Column, na ndani ya mabano hutajwa jina la safuwima, urefu wake, kama yaweza kuachwa tupu, na kama thamani zake zisijirudie. Kiwango hicho kilikabidhiwa baadaye kwa taasisi ya Eclipse, na mwaka 2020 anotesheni zake zilihamishwa kutoka jina la ukoo la javax kwenda jakarta. Maelfu ya faili yalibidi yabadilishwe mstari wa juu, ingawa alama zenyewe zilibaki zile zile.

Wapo wanaopinga mpango huu, na hoja yao ina uzito. Wanasema kwamba kiolwa kilichojaa anotesheni kimepoteza usafi wake. Kinajua mno juu ya mahali kitakapolala usiku. Hoja hii yafanana na ya yule anayetaka utenzi uchapishwe mtupu na maelezo yote yawekwe katika juzuu la pili. Msomaji wa juzuu la kwanza atafurahia ukurasa mweupe, lakini juzuu la pili likipotea, utenzi utabaki bila ufunguo. Kwa kamusi, ambayo hutungwa na watu wengi kwa miaka mingi na kurithiwa na wengine wasiowajua watangulizi wao, maelezo yaliyo ubavuni mwa neno yana manufaa zaidi kuliko usafi wa ukurasa.

4.0 Kukaa kimya nako ni kuamua

Sifa mojawapo ya kiwango cha JPA ni kwamba @Column yaweza kuachwa kabisa. Sehemu isiyo na maelezo huhifadhiwa vivyo hivyo kwa kufuata kanuni za msingi: safuwima huchukua jina la sehemu, maandishi hupewa urefu wa herufi 255, thamani yaweza kuwa tupu, na kujirudia kunaruhusiwa. Kanuni hizi ziliwekwa kwa nia njema ya kumpunguzia mtunzi kazi. Hata hivyo, kila moja yapasa kuulizwa: je, inakubaliana na Kiswahili?

Urefu wa herufi 255 unatosha kwa jina la mtu au la mtaa. Hautoshi kwa maelezo ya kitenzi "piga", chenye kupiga pasi, kupiga simu, kupiga magoti, kupiga mbizi, kupiga chafya na mengine mengi. Kanzidata nyingi zitakataa maandishi yanayozidi urefu uliowekwa. Baadhi, zikiwa zimepangwa kwa ulegevu, huyapokea na kuyakata mkia, zikiacha onyo ambalo hakuna anayelisoma. Mtunzi wa kamusi atakayerudi baada ya mwaka mmoja atakuta fasili zake zimeishia katikati ya sentensi, naye hatajua kama ni yeye aliyechoka au ni mashine.

Suala la kutojirudia ni gumu zaidi. Mtu asiyejua Kiswahili, au anayekijua bila kukitafakari, aweza kuona ni jambo la akili kuweka sharti kwamba kidahizo kisijirudie. Neno moja, kitomeo kimoja. Ataandika unique = true na kuendelea na kazi. Siku itakapoingizwa "kaa" yenye maana ya mnyama wa pwani mwenye magando, itapokelewa. Itakapofuata "kaa" ya moto, na kisha "kaa" kitenzi, kanzidata itazikataa zote mbili. Hali itakuwa hiyo hiyo kwa "paa" la nyumba, "paa" wa porini na "paa" ya ndege anayeruka. Homonimu, ambazo kamusi za karatasi huzitenganisha kwa tarakimu ndogo juu ya neno, zitakuwa zimepigwa marufuku na neno moja la programu. Dawa yake ni kulihamisha sharti kutoka safuwima moja na kuliweka juu ya mchanganyiko wa kidahizo na tarakimu ya homonimu. Lakini dawa hiyo itajulikana kwa yule tu anayejua kwamba homonimu zipo na kwamba ni nyingi.

Sharti la kutoachwa tupu lina kasoro ya aina yake. Umbo la wingi likiwekewa nullable = false, mtunzi hatapata la kuandika kwa "maji" wala "sukari", naye ataanza kubuni: kistari, nafasi tupu, au neno lile lile limerudiwa. Likiachwa wazi, tatizo jingine huzuka. Safuwima tupu yaweza kumaanisha kwamba neno halina wingi. Yaweza kumaanisha kwamba wingi upo ila haujulikani. Yaweza pia kumaanisha kwamba hakuna aliyechunguza. Codd mwenyewe aliliona suala hili, na katika kitabu chake cha 1990 alipendekeza alama mbili tofauti, moja kwa thamani inayokosekana na nyingine kwa thamani isiyohusika. Kanzidata zinazotumika kwa wingi hazikulifuata pendekezo hilo. Kwa hiyo ni juu ya mtunzi wa kamusi kuongeza sehemu ya pili itakayosema kwa nini ile ya kwanza ni tupu. Katika utafiti, tofauti kati ya "hakuna" na "haijachunguzwa" ni tofauti kati ya matokeo na kazi iliyobaki.

Jambo moja zaidi halina budi kutajwa, kwani huwapoteza wengi. Urefu na kutojirudia vinavyotajwa katika @Column hutumika hasa pale jedwali linapoundwa kutokana na klasi. Kama jedwali lilikuwapo kabla, maneno hayo hayaligeuzi. Klasi yaweza kudai kwamba fasili ina herufi elfu nne huku jedwali likiwa bado na 255. Anotesheni basi ni kauli kuhusu jedwali, na kauli yaweza kuwa si ya kweli. Hibernate ina mpangilio wa kuikagua kanzidata programu inapoanza na kutangaza safuwima inayokosekana au iliyo ya aina tofauti. Lakini ukaguzi huo haumwondolei mhariri wajibu wa kuyasoma maandishi yote mawili, klasi na jedwali, na kuyalinganisha.

5.0 Ngeli zilizogeuzwa namba

Mfano ulio mzito kuliko yote unahusu ngeli. Mtunzi wa programu atakayeambiwa kwamba nomino za Kiswahili zimegawanyika katika makundi machache yanayojulikana ataandika orodha funge, mathalani A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na U-ZI, na kuipa sehemu ya ngeli thamani mojawapo katika orodha hiyo. Huo ni utaratibu mzuri, maana unazuia makosa ya uandishi. Lakini orodha hiyo itahifadhiwaje katika safuwima? Anotesheni inayohusika ni @Enumerated, na kanuni ya msingi ya kiwango, endapo hakuna lililoandikwa, ni kuhifadhi nafasi ya kila thamani katika orodha kwa kuhesabu kuanzia sifuri. "Mtu" atapata 0, "mti" 1, "jiwe" 2, "kiti" 3, "nyumba" 4 na "ukuta" 5.

Miaka mitatu baadaye, mhariri mpya anaona kwamba "ugonjwa" na wingi wake "magonjwa" hauna mahali pake. Anaomba iongezwe ngeli ya U-YA, na kwa kuwa inaanza kwa "u" anapendekeza ikae karibu na U-I. Mtunzi wa programu anaiingiza katika nafasi ya tatu, jambo linaloonekana kuwa la busara kwa kila anayeitazama orodha. Kuanzia saa hiyo namba 2 inasomwa U-YA, 3 inasomwa LI-YA, 4 inasomwa KI-VI na 5 inasomwa I-ZI. Katika jedwali hakuna hata tarakimu moja iliyobadilika. Programu haitoi onyo wakati wa kusoma, kwa sababu kila namba bado ina maana halali. Hata hivyo "jiwe" limeingia katika U-YA, "kiti" kimeingia katika LI-YA, na kamusi inamwambia mwanafunzi aseme "nyumba vimejengwa".

Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake. Neno lililokataliwa na kanzidata hupiga kelele na kusahihishwa siku hiyo hiyo. Neno lililohamishwa ngeli bila sauti hudumu, hunakiliwa, huingizwa katika vikagua tahajia na katika mikusanyo mingine, na hatimaye hutajwa kuwa ushahidi. Aidha, kama baada ya badiliko hilo watunzi waliendelea kuingiza maneno mapya, jedwali litakuwa na maneno ya zama mbili yanayotumia namba zile zile kwa maana mbili, na kuyatenganisha kutahitaji mtu ayapitie moja moja.

Kinga yake ni maneno machache. Ikiandikwa @Enumerated(EnumType.STRING), safuwima huhifadhi jina la ngeli badala ya nafasi yake, na orodha yaweza kupanuliwa popote bila madhara kwa maneno yaliyotangulia. Hata hapo uamuzi haujakwisha, kwani jina likibadilishwa, maneno ya zamani yatabaki na jina lisilotambulika. Angalau, kosa la namna hiyo litajitangaza lenyewe.

Zaidi ya ufundi, mfano huu unafichua swali la kinadharia. Wanasarufi wa Kiswahili hawajakubaliana juu ya idadi ya ngeli. Wapo wanaofuata utaratibu wa kimofolojia uliotokana na kazi za Bleek na Meinhof, unaohesabu umoja na wingi kuwa ngeli mbili na kuzipa namba. Wapo wanaofuata upatanisho wa kisintaksia na kuziita kwa viambishi vyake. Neno "kipofu" lina umbo la kiambishi "ki-" lakini hupatana kama mtu: kipofu amekuja. Programu yenye sehemu moja tu iitwayo "ngeli" imekwisha kuchagua upande katika mjadala huo. Yenye sehemu mbili, moja ya umbo na nyingine ya upatanisho, inauacha mjadala wazi na kuwapa watafiti wa pande zote data wanayoweza kuitumia.

6.0 Mnyambuliko na uhusiano kati ya vitomeo

Kamusi hutofautiana pia katika namna ya kuyahusisha maneno. Frederick Johnson, katika kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 1939, aliyaweka majina mengi yaliyonyambuliwa chini ya vitenzi vyake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huyapa majina kama hayo vitomeo vyake kwa mpangilio wa alfabeti. Katika karatasi, mtunzi huchagua njia moja na kuiishi. Katika kanzidata uhusiano wenyewe huhifadhiwa, na mpangilio wa kuonyesha waweza kuchaguliwa baadaye. "Piga" yaweza kushikana na "pigwa", "pigia", "pigana", "pigisha", "pigo" na "mpigaji", kwa anotesheni ya @OneToMany upande wa shina na @ManyToOne upande wa neno lililonyambuliwa.

Lakini hapa nako kuna neno dogo lenye makali. Uhusiano waweza kuagizwa kwamba litendwalo kwa mzazi litendwe kwa watoto pia. Agizo hilo linafaa kwa kitomeo na fasili zake, kwa kuwa fasili haina maisha nje ya neno lake. Likinakiliwa bila kufikiri na kuwekwa kati ya shina na minyambuliko, mhariri atakayefuta kitenzi kilichoingizwa mara mbili atafuta pamoja nacho kila neno lililounganishwa nacho. Swali la kiisimu linalojibiwa na anotesheni hiyo ni hili: je, "mpigaji" ni sehemu ya "piga", au ni neno huru lenye asili katika "piga"? Mwanaisimu amelijadili swali hilo katika semina. Mashine hulitekeleza jibu lake papo hapo.

7.0 Lugha ya majina

Halina budi kuguswa pia suala la lugha ya majina ya sehemu na safuwima. Watunzi wengi hutumia Kiingereza, hata pale ambapo data zote ni za Kiswahili na wote wanaozishughulikia ni Waswahili. Java haikatazi majina ya Kiswahili. Sehemu yaweza kuitwa ainaYaNeno, na mfumo unaotumika sana wa Spring Boot utaligeuza jina hilo kuwa aina_ya_neno katika jedwali, kwa kanuni yake ya kutenganisha maneno kwa mstari wa chini. Pana hata faida ndogo ya kiufundi: maneno kama "order", "group" na "user" yana kazi maalumu katika SQL au katika baadhi ya kanzidata, nayo huleta mgongano yakifanywa majina. "Mpangilio", "kundi" na "mtumiaji" hayana mgongano huo.

Faida kubwa zaidi ni ya kitaaluma. Sehemu ikiitwa "class", mtunzi wa programu hajui kama ni ngeli, aina ya neno au tabaka la kijamii, na neno hilo hilo tayari lina kazi nyingine katika Java. Ikiitwa "ngeli", mwanaisimu aliyeketi kando yake aweza kuisoma na kusema kwamba hapa pana kosa. Istilahi zilizosanifiwa kwa juhudi za miaka mingi hupata uhai zinapotumika mahali penye kazi, na safuwima ya kanzidata ni mojawapo ya mahali hapo.

8.0 Hitimisho

Yaliyoelezwa hapa hayamtaki mwanaisimu awe mtunzi wa programu. Anotesheni za uoanishaji ni chache, nazo husomeka: jina, urefu, kuachwa tupu, kujirudia, orodha funge, uhusiano. Mtu aliyezimudu alama za kamusi ya 1981 hatashindwa kuzielewa hizi kwa muda wa siku mbili. Kinachotakiwa ni kwamba asikubali ziandikwe bila yeye kuziona.

Kwa vitendo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mradi wowote wa kamusi au mkusanyo wa kielektroniki uwe na kikao ambamo mhariri na mtunzi wa programu watazipitia klasi zote sehemu kwa sehemu, wakiuliza kila anotesheni, na kila penye ukosefu wa anotesheni, panasema nini juu ya lugha. Pili, maneno ya kujaribia yasiwe "abc" wala majina ya kubuni. Yawe "kaa", "ng'ombe", "maji", "kipofu", "ugonjwa" na "piga", kwa kuwa hayo ndiyo yanayoibua mambo ambayo kanuni za msingi hazikuyatarajia. Tatu, orodha ya maamuzi hayo ichapishwe pamoja na kamusi, kama ambavyo dibaji za kamusi za karatasi zilivyokuwa zikieleza vifupisho vyake.

Mtafiti atakayeifungua kanzidata hiyo baada ya miaka thelathini hatawakuta watunzi wake. Atakuta safuwima yenye namba 4 kando ya neno "nyumba", naye atahitaji kujua namba hiyo ilimaanisha nini, kwa nani, na kuanzia lini.